Mama Meaza Ukutani

Benchi letu ni ubao mmoja uliotoroka mahali pa ujenzi, ukakalishwa juu ya mawe mawili chini ya Bloku ya 47, ukingoni kabisa mwa Addis Ababa, pale ambapo basi hugeuza na kondakta hupiga miayo. Mbele yake, kwenye kigoda, huketi Mama Meaza tangu saa mbili asubuhi: anakaanga kahawa, anaitwanga, anaichemsha, anatumiminia vikombe vitatu kwa mpangilio, cha mwisho kikiwa cha baraka, na anayeondoka kabla ya hicho shauri yake. Wateja wa kudumu tuko watatu. Redio, mfumaji mstaafu, ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Jenerali, aliyekuwa mpishi jeshini na akaanza kupanda vyeo baada ya kustaafu. Na mimi, ninayeitwa Pasipoti, kwa sababu nilizunguka Jibuti, Jeda, Napoli na Mombasa miaka kumi na tisa nikarudi na kijitabu kilichojaa mihuri na mifuko iliyojaa mikono yangu. Sote wanne tu watu wa mlima wa Kechene, kwa wafinyanzi na wafumaji. Tingatinga lilipotushusha kule tulipewa vyumba huku, na tukagundua raha moja: hakuna anayetujua. Maana wapo mjini humu wanaoamini kwamba mfinyanzi ana jicho baya. Akimtazama mtoto wako anakauka, na usiku mfinyanzi huyo anageuka fisi. Mimi huyo fisi mwenyewe namkimbia mbwa wa mlinzi wetu, lakini nenda kawaambie. Basi huku Mama Meaza ni muuza kahawa, hajapata kushika udongo maishani mwake, na sisi ni wazee tu wa benchi.

Jumatano hiyo Redio alikuja akihema, kofia mkononi.

— Imetundikwa, alisema kabla hata ya kukaa. Tangu Jumatatu. Mpwa wangu anafagia ule ukumbi wa picha mjini, ameniambia jana.

— Nini kimetundikwa? aliuliza Jenerali.

— Yeye. Redio alimwonyesha Mama Meaza kwa kidevu. Kubwa kama mlango. Ana udongo hadi kwenye viwiko, na tumbo la mimba ya Meaza mbele. Na chini pameandikwa.

Mama Meaza alikuwa anapuliza makaa. Hakuinua kichwa.

— Pameandikwa nini?

— "Mfinyanzi, Kechene."

— Na jina langu?

— Jina hakuna.

— Basi Mungu mkubwa, nikasema. Jina hakuna, kesi hakuna.

— Pasipoti, aliuliza Mama Meaza, kwa hiyo wewe huwa unawatambua watu kwa kusoma majina yao kwenye paji la uso?

Jumapili, siku nne tu mbele yetu, wazee wa upande wa Binyam walikuwa wanakuja kumposa Meaza. Meaza ni binti yake wa pekee, anauza dawa kwenye duka la dawa katikati ya mji, na huvaa koti jeupe ambalo mama yake hulipiga pasi kana kwamba ni la askofu. Binyam ni mwalimu wa hesabu, kijana mtaratibu, lakini nyuma yake kuna ukoo wenye makasisi wanne na shamba lililopotea zamani ambalo bado wanalitembelea kwa mdomo. Watu wa namna hiyo hawaposi msichana mpaka wamwulizie mababu zake, wa kwanza hadi wa saba.

— Binyam anajua? aliuliza Jenerali.

— Meaza anasema atamwambia baada ya harusi, alijibu Mama Meaza.

— Baada ya harusi ni mbali.

— Ndiyo maana akapachagua.

Mpiga picha mwenyewe jina lake Leykun, ila sisi tangu mlimani tulimwita Jicho. Alianza kwa kupiga picha za vitambulisho nje ya ofisi ya mtaa, kichwa kimoja birr tatu. Kisha siku moja akapanda mlimani kwetu na hakushuka tena, maana hata alipokwenda kwingine alikuwa anapanda mlima uleule: wagonjwa wa ukoma kule bondeni, wanawake wanaoshusha kuni mgongoni, watengeneza ngozi wa kusini, wahunzi ambao hakuna anayewapa mkono. Karibu miaka thelathini. Amepewa nishani katika nchi ambako mimi nilifukuzwa. Sasa amezeeka, na kazi yake yote imetundikwa ukumbini, na maonyesho ameyaita "Wasioonekana".

— Wasioonekana! alisema Jenerali, na shayiri ya kukaanga ikamtoka mdomoni. Miaka tisa tunahangaika ili tusionekane, tumefaulu, halafu anakuja mtu anatuonea huruma!

— Kunywa, Jenerali, itapoa.

— Nimesema tangu zamani, huyo si mpiga picha. Ni mpelelezi. Fuateni hesabu. Picha ya kwanza alipiga machimbo ya udongo. Ya pili, tanuri. Ya tatu, njia ya kuingilia. Baadaye nini? Tingatinga! Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Tingatinga lilikuja miaka kumi na saba baada ya picha ya kwanza, nikasema.

— Serikali haina haraka.

— Na vyaelea wapi, mlimani?

— Hiyo ni methali, Pasipoti, si ramani.

Redio alisogea akatupunguzia benchi. Hufanya hivyo akiwa na kitu kikubwa.

— Ninyi mnazunguka mbuyu. Nawauliza: nani amewahi kuona picha ya Jicho mwenyewe? Gazetini wakimwandika, anashika kamera mbele ya uso. Televisheni walimwonyesha mgongo. Mtu asiyetaka kupigwa picha ana kitu. Na kitu chake ni mlima.

— Sema vizuri.

— Ni wetu! Mama yake alikuwa mfinyanzi. Kajificha nyuma ya kamera, maana hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo kamera haikuoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Alikula kwangu, alisema Mama Meaza.

Tukamgeukia.

— Siku aliyopiga picha ile. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, mgongo unaniuma, sikutaka mtu. Akasema usisimame, endelea na kazi. Nikaendelea. Saa saba nikaleta injera na dengu, nikaweka mbali kidogo, maana nilijua wageni wa mjini hawali kwetu, wanasema wamefunga au tumbo linawauma. Akavuta sahani, akala. Akaomba tena.

— Unaona? Redio alipiga paja. Ni wetu!

— Au alikuwa na njaa, alisema Jenerali.

Sasa kwa kuwa kila mtu alikuwa ametoa yake, na mimi nimesafiri kuliko wote, niliona aibu kukaa bila nadharia. Hili ndilo kosa langu la kwanza siku ile. La pili lilikuja baadaye na lilikuwa kubwa zaidi.

— Nyote hamjui, nikasema. Sisi tunaambiwa tuna jicho baya. Haya, Redio, umemtazama nani akakauka?

— Mke wangu, lakini alianza yeye.

— Hakuna! Sasa mtazame yeye. Ana jicho la kioo refu kama mkono wangu. Aliwapiga picha watu wa bondeni, bonde likafukiwa. Aliwapiga wanawake wa kuni, msitu ukazungushiwa ua. Alimpiga mzee Wolde mhunzi, mzee akafa mwezi uleule.

— Wolde alikuwa na miaka tisini na nne.

— Alikuwa anaendelea vizuri! Na Jicho mwenyewe? Tumbo limetokeza, nishani zinagongana kifuani. Kila anayemtazama anakonda, yeye ananenepa. Basi fisi ni nani? Fisi ni yeye!

Walicheka. Hata mimi nilicheka, mchekeshaji mbaya hucheka wa kwanza. Mama Meaza hakucheka. Aliweka mchi chini, taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

— Neno hilo lisitajwe hapa kwangu.

— Nilikuwa natania, dada.

— Najua unatania. Meaza alikuwa na miaka saba alipoanza shule ya chini kule, karibu na soko. Mtoto mmoja akajua tunatoka wapi. Ikawa akipita na chakula chake, wenzake wanafunika vyao. Hawakumpiga, hawakumtukana. Wanafunika tu. Mwalimu akasema, ili kuwe na amani, Meaza ale akiwa ameelekea ukutani. Mwaka mzima, Pasipoti. Mwanangu amekula mwaka mzima akitazama rangi ya ukuta, na jioni ananiambia leo nimeona ufa mpya. Sasa amepata mtu, amepata meza. Sitaki akae kwenye meza ya wakwe zake ameelekea ukutani.

Hakuna aliyegusa shayiri. Basi lilikuja, likageuza, likaondoka bila mtu.

— Kuna jambo lingine sijasema, alisema Redio, na sauti yake ilikuwa imepungua betri. Leo kuna mtu anakuja.

— Mtu gani?

— Wa Jicho. Wanatengeneza kitabu cha kazi yake yote. Safari hii wanataka majina, kila aliyepigwa picha aandikwe jina lake. Ni heshima, wanasema. Mpwa wangu akaona uso wa Mama Meaza, akawaambia huyu namjua. Akawaelekeza. Bloku ya 47, uliza kwa Mama Meaza muuza kahawa.

— Mpwa wako ana moyo mzuri, alisema Jenerali. Kama wa punda.

— Anakuja saa ngapi?

— Asubuhi. Ana daftari na mkoba.

— Wote wana daftari na mkoba, nikasema, na hilo lilikuwa kweli. Katika miaka yote ya mlimani hatukupata kumwona mgeni aliyevaa vizuri ambaye hakuwa ametumwa na Jicho, au na watu walioziona picha za Jicho. Wanafika, wanauliza jina, wanaandika, wanasema mna utamaduni mkubwa, wanaondoka.

— Sikilizeni, alisema Jenerali, akavuta tumbo ndani. Hii ni vita. Chaguo la kwanza, mpwa wa Redio anaimwagia picha maji ya deki.

— Atafukuzwa kazi!

— Katika vita kuna majeruhi. Chaguo la pili, tunapeleka wazee kwa Jicho wampigie magoti.

— Wazee gani?

— Sisi.

Tulijitazama. Tukalitupa chaguo la pili.

— La tatu, alisema Mama Meaza mwenyewe. Huyo mtu akija, namwambia kwa adabu: iondoeni mpaka Jumatatu. Jumapili ikipita, wakishakubaliana, irudisheni. Siku nne tu. Nanyi mnyamaze.

— Tunyamaze? alisema Jenerali. Dada, huyo ni mtu wa mjini. Ukimwomba kwa adabu atapiga picha adabu yako. Lazima asikie sauti moja, kali! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo methali, Jenerali, ni ya kumkaribisha mtu.

— Ndiyo, tumkaribishe, halafu tupone.

Tulikuwa bado tunabishana tulipomwona. Alishuka kwenye basi lililofuata, mtu mzima wa miaka kama sitini, suti ya kahawia, mkoba wa ngozi begani. Alisimama, akasoma namba za bloku moja moja akinyoosha kidole, akaja moja kwa moja kwetu.

— Mmeamkaje? Hamjambo nyote? Watoto hawajambo?

— Mungu ashukuriwe, gashe, nikajibu, nikimwita kwa heshima, maana mkubwa ni mkubwa hata akiwa adui.

— Hapa ndipo kwa Mama Meaza?

Redio alinikanyaga mguu. Jenerali alikohoa kijeshi.

— Ndipo, alisema Mama Meaza, akamsogezea kigoda cha pili. Akammiminia kahawa. Mgeni akapokea kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akashusha pumzi kama mtu aliyesafiri na mawazo.

— Kahawa nzuri hii, Mungu akulinde.

Akafungua mkoba, akatoa daftari. Akatoa kalamu. Akavaa miwani.

— Mnisamehe. Nimetumwa. Kazi yenyewe si ya kupendeza, kuuliza majina ya watu mbele ya kahawa yao.

— Tunajua ulichotumwa, alisema Jenerali.

— Mnajua?

— Tunakungoja tangu asubuhi.

— Basi afadhali, itakuwa rahisi. Naomba jina la mama, la baba yake, la babu yake, na kuendelea juu.

— Na babu pia? alisema Redio. Kitabu kitakuwa kinene hicho!

Mgeni alitabasamu bila kuelewa. Mama Meaza alifungua mdomo aseme alichokipanga, kwa adabu, na nadhani angekisema vizuri. Lakini Jenerali alikuwa ameshasimama.

— Kabla hujaandika hata herufi moja, mwambie aliyekutuma aiondoe!

— Aondoe nini?

— Usijifanye! Mama wa watu mmemtundika ukutani kama kalenda!

— Jenerali, kaa, alisema Mama Meaza.

— Sikai! Nani aliwaomba? Mmemwuliza?

Mgeni alishusha kalamu.

— Bwana mkubwa, taratibu. Nani kamtundika nani?

Hapa ndipo lilipokuja kosa langu la pili. Mimi nimevuka mipaka sita nikiwadanganya maofisa bila kupepesa jicho. Niliwahi kumwambia polisi wa Napoli kwamba mimi ni padri, na akaniomba nimbarikie mtoto. Lakini asubuhi ile, mbele ya mtu mmoja mpole mwenye daftari, nilipandwa na ukweli kama homa.

— Gashe, nikasema, miaka ishirini na sita mnatutazama. Huyu mama ni mfinyanzi, na hilo si siri kwenu, mnalo kwenye picha. Ni mtoto wa mfinyanzi, mjukuu wa mfinyanzi. Unataka mababu saba? Nitakupa saba, wote wana udongo kwenye kucha! Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mfumaji kama huyu hapa. Hatuoni haya. Lakini Jumapili wakwe wanakuja kumposa binti yake, nao wameambiwa baba alikuwa dereva na mama ni wa kahawa. Mmoja wao akipita mbele ya ukumbi wenu, basi. Msichana amekwisha. Kwa hiyo tunaomba siku nne. Mna picha elfu. Mnashindwaje kugeuza moja ukutani siku nne?

Nilikaa nikiwa najipenda. Mgeni alikuwa ameacha kuandika tangu niliposema mfinyanzi. Kikombe kilikuwa mkononi mwake, nusu, hakikwenda juu wala chini.

— Wakwe gani hao? aliuliza.

— Watu wa Binyam mwalimu, alidakia Redio, ambaye hawezi kuona swali likipita peke yake. Ukoo wa makasisi. Wagumu, gashe, usiombe. Na kuna mjomba wao mmoja, ndiye wanayemtuma kuchimba mababu za watu, tumesikia hana hata chembe ya...

Wakati anasema hayo, mimi nilikuwa natazama mkoba. Ulikuwa wazi. Hapakuwa na kamera, wala karatasi za picha. Palikuwa na kitabu cha sala, na kando yake umejitokeza mpini mweusi na nywele ndefu za mkia wa farasi. Usinga. Ule wanaoshika wazee wakienda kwenye mashauri. Nikajiuliza, msaidizi wa mpiga picha anapungia nini na usinga? Nilimkanyaga Redio. Nikamkanyaga tena.

— ...hana chembe ya huruma. Nani yule jina lake? Te... Teferra.

— Ndiye mimi, alisema mgeni.

Makaa yalipasuka kidogo. Ghorofa ya tatu mtu alikuwa anakung'uta zulia.

— Teferra ni jina la watu wengi, alijaribu Redio.

— Mimi ni mjomba wa Binyam.

Jenerali alikaa bila kuamriwa. Na Redio, maskini, akaanza kurudisha maneno ndani kama mtu anayekusanya mtama uliomwagika kwenye kokoto. Alisema sisi ni watani, kila asubuhi tunaigiza. Alisema mimi nilipigwa na jua la Jibuti. Alisema Mama Meaza hajui hata chungu kinakaa upande gani. Kila uongo ulikuwa mrefu kuliko uliotangulia, na mgeni aliusikiliza wote, kwa heshima, jambo lililokuwa baya zaidi.

— Nyamaza, Mulat, alisema Mama Meaza. Tulikuwa tumesahau kwamba Redio ana jina. Alijifuta mikono, akamtazama mgeni usoni. Sikuwahi kumwona akimtazama mgeni hivyo. Sisi tulifundishwa kutazama pembeni, ili mtoto wa mtu akiugua tusitajwe.

— Ni kweli, gashe. Wamesema vibaya, lakini wamesema kweli.

— Binti anajua kwamba tumeambiwa uongo?

— Uongo ni wangu. Yeye aliukuta mezani.

Mzee Teferra alifunga daftari. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba tatizo lilikuwa kwenye kioo. Nikangoja asimame aondoke. Nilishaiona Jumapili: majani mabichi yametandazwa sakafuni, ubani unafuka, wazee hawaji. Nilishamwona Meaza akivua koti lake jeupe.

Hakusimama.

— Hiyo picha, alisema. Ametoka vizuri?

Hatukuelewa.

— Nauliza tu. Mnasema iko ukumbini, kubwa. Mnasema itavunja ndoa. Mnataka ing'olewe. Yeye mwenyewe ametokaje?

— Kubwa kama mlango, alisema Redio.

— Sikuuliza ukubwa. Umeiona?

— Mpwa wangu...

— Wewe?

Redio alitazama kofia yake.

— Na wewe, bwana mkubwa?

— Mimi msimamo wangu, alianza Jenerali, halafu akagundua kwamba msimamo hauna macho.

Mgeni akanigeukia. Mimi niliyeona mlima unaotema moto, nyangumi, na Papa kwa mbali. Nilitikisa kichwa. Ukumbi uko mwendo wa mabasi mawili kutoka kwenye benchi letu, kuingia ni bure, na tulikuwa tumeihukumu picha hiyo tangu asubuhi, tumeipa upelelezi, ukoo na uchawi.

— Nawe, mama? Ni picha yako.

Mama Meaza aliyachochea makaa.

— Alisema ataniletea, alisema. Yule Leykun. Aliponawa mikono baada ya chakula, alisema ikitoka vizuri nitakuletea nakala yako. Nilifagia uwanja wiki mbili. Kila asubuhi nilikuwa nafagia, nikisema leo. Kisha nikajifungua, nikasahau. Alirudi baadaye, mara nyingi, akawapiga wengine. Sikumwuliza. Nilidhani labda haikutoka vizuri.

Mzee Teferra alirudisha daftari mkobani.

— Mimi nimetumwa kutazama, alisema. Siwezi kurudi kwa ndugu zangu nikasema nimesimuliwa na watu ambao hawajaona. Ukumbi unafungwa saa ngapi?

— Kumi na moja, alisema Redio, na kwa mara ya kwanza maishani akaishia hapo.

Mama Meaza alifungua aproni. Alijitanda shuka lake jeupe, lile la kanisani, analoliweka chini ya kigoda lisishike moshi. Alifunga fundo mara mbili. Kisha akasimama mbele ya mgeni.

— Twende, gashe. Lakini kuna neno moja. Tukifika mbele yake, utazame mpaka utosheke. Halafu unijibu palepale. Ndiyo au hapana. Sitaki kupiga pasi nguo za Jumapili bila kujua.

— Huenda ni hapana, mama.

— Najua.

Mzee alikubali kwa kichwa. Akakitua kikombe chake kwenye sinia, bado nusu.

— Kahawa yako imepoa, alisema Mama Meaza.

— Nitaimalizia nikirudi.

Mama Meaza alichukua kisahani, akakifunika kikombe kile. Wakaenda kituoni, yeye mbele, mzee nyuma hatua mbili, usinga ukitikisika mkobani. Basi lilipokuja, tuliona mzee anasita mlangoni, anampisha apande kwanza. Jenerali akasema hiyo ni dalili njema. Redio akasema hapana, ndivyo anavyopandishwa mshitakiwa. Walibishana hadi basi likageuza likapotea, na mimi nikahamia kwenye kigoda, maana makaa yalikuwa yanazima na kahawa ya watu haiwezi kuachwa peke yake. Mwanamume wa miaka hamsini na tatu, magoti masikioni, anapuliza moto wa kahawa mbele ya bloku nzima. Wanawake wa ghorofani walitoka kutazama. Niliunguza vidole viwili.

Baada ya kitambo akaja dereva mmoja wa teksi, mteja wa kupita. Alishangaa kuniona, akainama kwenye sinia, akanyoosha mkono kwenye kikombe kilichofunikwa.

— Acha hicho, nikamwambia. Kina mwenyewe.

— Yuko wapi?

— Amekwenda mjini na Mama Meaza. Kutazama picha.

— Aa. Watarudi lini?

Nilikisogeza kile kikombe karibu na makaa. Jenerali alitazama barabara.